Mama anawaombea watu wote, ila yeye mwenyewe haombi kitu kwa Mungu. Nimsaidieje?

Binti wa Ubena (mwanzisha mada)

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naleta jambo linaloninyima usingizi, maana humu wapo watu wazima waliokaa na Neno kuliko mimi.

Mama yangu yuko kijijini, upande wa Njombe. Ni Mlutheri tangu utoto, na saa kumi na moja alfajiri, hata baridi ya mwezi wa saba, yuko magotini. Nikienda kumsalimia nalala chumba cha pili na ukuta wetu ni mwembamba, kwa hiyo namsikia. Anaanza na wajukuu kwa majina, mmoja mmoja. Anakuja kwa mchungaji, kwa jirani aliyefiwa na mume, kwa mtoto wa fulani aliyekwenda Dar na hapigi simu. Halafu amina. Yeye hajitaji. Ana kisukari, mguu wa kushoto una kidonda ambacho hakijafunga tangu Kwaresima, na sijawahi kumsikia akisema "Bwana, na mguu wangu huu."

Nikamuuliza kwa nini. Akanijibu, "Mimi ni nani nimsumbue Mungu? Wewe mtumie yule mtumishi, ya kwake yanafika." Mtumishi mwenyewe ni wa redioni. Kuna namba, unatuma sadaka, jina lako linasomwa kwenye maombi ya usiku. Nimegundua mama amekuwa akiuza mahindi ya chakula ili atume. Pesa inaniuma, lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba anaamini kabisa kuwa mlango uko wazi kwa huyo mtu asiyemjua, na kwake umefungwa.

Sababu naijua. Alipokuwa msichana alizaa nyumbani. Akatolewa kwaya, akatengwa, Meza ya Bwana akawa haruhusiwi. Baadaye akarudishwa kundini: Jumapili, mbele ya usharika mzima, akasimama na mtoto mgongoni, akaulizwa maswali, akajibu. Mtoto huyo ni mimi. Kwa kanisa jambo lilikwisha siku ile. Kwake halijaisha. Watu wakianza kutoka kwenye mabenchi kwenda mezani, yeye huinama na kupekua mkoba wake kama kuna kitu amepoteza, mpaka zamu ya benchi lao ipite.

Nimesoma Waebrania 4:16, "Basi na tukikaribie kiti cha neema kwa ujasiri." Naomba mnisaidie mambo mawili. Hilo neno nimwelezeje mama bila kuonekana namfundisha mzazi wangu dini? Na pili, yeye husema "Mungu si mwenzio", na anachukia sana akisikia watu wanamwamrisha Mungu kwa kelele. Kusema kweli hapo hata mimi niko upande wake. Sasa ujasiri unaishia wapi na utovu wa adabu unaanzia wapi?

Mshindi Daima

Pole sana dada. Hiyo ni roho ya kukataliwa, imemkalia mama muda mrefu. Mwambie aache maombi ya unyonge. Marko 11:24, yoyote tuyaombayo tukisali, tuamini ya kwamba tumeyapokea. Aweke mkono juu ya kidonda asubuhi na jioni, akiamuru kifunge kwa jina la Yesu. Adai haki yake kama mtoto wa Mfalme. Mama yangu mdogo alikuwa mnyonge hivyohivyo, leo anaomba mpaka majirani wanasikia. Usichoke dada, atafunguliwa.

Mama Songea

Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Mkatoliki, ila nimeguswa. Katika kila Misa, kabla ya Baba Yetu, padri anatualika kwa maneno haya: tunathubutu kusema. Tunathubutu, halafu tunasema Baba. Kwa hiyo mwambie mama kwamba kuogopa kidogo mbele za Mungu si ugonjwa. Hata sisi tunaokwenda kila siku tunaingia kwa kuthubutu. Asisubiri hofu iishe ndipo aanze.

Nitakutajia mama yako kwenye rozari jioni hii. Bure, mwanangu.

Nesi wa Kliniki

Naomba niingilie, kuna jambo haliwezi kungoja. Kidonda cha mguu kwa mgonjwa wa kisukari si cha kuvumilia, hata kama hakiumi. Mara nyingi hakiumi kwa sababu mishipa ya fahamu imeshaharibika, na hapo ndipo watu wanachelewa hadi kukatwa mguu. Apelekwe kituo cha afya wiki hii hii: sukari ipimwe, kidonda kisafishwe, dawa zipitiwe upya. Ukiona weusi, harufu, uvimbe unaopanda au homa, usingoje hata kesho. Asitembee peku, hata ndani. Asiloweke mguu kwenye maji ya moto, anaweza kuungua bila kujua.

Mwombeeni, na mpelekeni.

Mwinjilisti Mstaafu, Karagwe

Kamwene, mwanangu. Nilitumika miaka mingi huko kwenu, salamu sijaisahau.

Msikilize kwanza huyo nesi. Ukimaliza, rudi usome haya.

Mama yako nimemwona mara nyingi, kwa sura tofauti. Karibu wote walikuwa wanawake, na wengi wao walisimama peke yao mbele ya usharika, huku mwanamume aliyehusika akiendelea kuimba besi kwenye kwaya ileile. Nalisema kwa uchungu kwa sababu nilikuwepo kwenye ibada za namna hiyo. Usharika ulipokea toba ya mwanamke na ukampa aibu aondoke nayo nyumbani. Kwa hiyo usishangae kwamba anainama. Alifundishwa kuinama na watu aliowaheshimu.

Sasa swali lako. Usimwambie awe jasiri. Ukimwambia hivyo atajichungulia ndani, atakuta hofu tupu, na atajihesabia kwamba hata hilo limemshinda. Waebrania haimtumi mtu akatafute ujasiri moyoni mwake. Wewe umeanzia mstari wa 16. Rudi nyuma hadi wa 14. Tunaye kuhani mkuu aliyeingia katika mbingu, Yesu, Mwana wa Mungu. Mstari wa 15, kuhani huyo anaweza kuchukuana nasi katika udhaifu wetu, kwa sababu alijaribiwa sawasawa na sisi, bila kufanya dhambi. Ndipo tunaambiwa tukaribie. Ujasiri wote umekalia huyo aliyetangulia kuingia. Mama anaweza kuwa anatetemeka na bado akawa nao, kwa kuwa haupimwi kwa mapigo ya moyo wake.

Ukikaa naye, msimulie habari ya Haruni, Walawi 16. Simulia polepole, wazee wanapenda kupewa kitu kizima. Haruni alikuwa kuhani mkuu, mwenye kilemba na bamba la dhahabu kwenye paji la uso, na bado aliambiwa asiingie nyuma ya pazia, patakatifu mwa Mungu, wakati wowote apendao, asije akafa. Siku ni moja kwa mwaka, ya kumi ya mwezi wa saba. Siku hiyo anaoga na kuvaa kitani tupu. Anachinja ng'ombe kwa ajili ya dhambi yake yeye kwanza, yeye na nyumba yake. Anachukua chetezo cha makaa na konzi mbili za uvumba, ili moshi ufunike kiti cha rehema, kifuniko cha sanduku la agano, asife. Ananyunyiza damu kwa kidole chake mara saba. Anarudi, anachinja mbuzi wa watu, anaingia tena. Na mwakani yote hayo upya. (Utawasikia wahubiri wakisema alifungwa kamba mguuni ili akifa avutwe nje. Kwenye Biblia habari hiyo haimo, usimsimulie. Yaliyoandikwa yanatosha kumwogopesha mtu.)

Mama yako angekuwa wapi siku ile? Mbali kabisa, ng'ambo ya ua, pamoja na mimi na wewe na huyo mtumishi wa redioni.

Usimwache mbuzi wa pili. Huyu hachinjwi. Haruni anaweka mikono yake yote miwili juu ya kichwa chake, anaungama juu yake uovu wote wa wana wa Israeli, makosa yao yote, dhambi zao zote. Kisha mbuzi anakabidhiwa mtu aliyewekwa tayari, anapelekwa jangwani, anaachwa huko. Hakuna mstari unaosema mtu alitumwa kwenda kumtafuta na kumrudisha kambini. Mama aliungama. Kilichopelekwa jangwani na Mungu, watu wa kijijini hawana mamlaka ya kukirudisha, na yeye pia hana.

Halafu mpeleke Golgotha. Yesu alipokata roho, pazia la hekalu lilipasuka vipande viwili toka juu hata chini, Mathayo 27:51. Toka juu, yaani hakupasua mwanadamu. Na Waebrania 10, kuanzia mstari wa 19, inasema tunao ujasiri wa kupaingia patakatifu kwa damu ya Yesu. Nakuomba umsomee mpaka wa 22, kwa sababu hapo wanatajwa watu walionyunyiziwa mioyo waache dhamiri mbaya. Mwandishi alijua kabisa kwamba anawaandikia watu wenye dhamiri inayowasumbua. Hakuwaambia wakae nje hadi itulie.

Kuhusu mtumishi. Mama anasema ya kwake yanafika. Mwonyeshe Waebrania 7:25: Yesu aweza kuwaokoa kabisa wao wamjiao Mungu kwa yeye, maana yu hai sikuzote ili awaombee. Jina la mama yako linatajwa mbinguni hivi sasa, na hakulipia. Kuombewa na wenzetu ni kuzuri, mimi nahitaji maombi yenu kila siku. Lakini anayemfanya mama mgonjwa auze mahindi ya chakula ili jina lake lisikike mbele za Mungu, anasimamisha tena pazia lililokwisha kupasuliwa. Kwa hilo sitamumunya maneno.

Ndugu Mshindi Daima, upendo wako nauona, na ni kweli mama huyu ni mtoto wa Mfalme. Ila kuamuru siafiki. Gethsemane Mwana mwenyewe alisema, "Aba, Baba, yote yawezekana kwako; uniondolee kikombe hiki; walakini, si kama nitakavyo mimi, bali utakavyo wewe." Aliomba waziwazi kile alichotaka, hakukificha, na akamwachia Baba. Paulo naye aliomba mara tatu mwiba umtoke. Hakuondolewa, akapewa neema ya kutosha. Sasa fikiri mama huyu aamuru kidonda kifunge, na kisifunge. Kwako hilo ni jaribu la imani. Kwake litakuwa ushahidi wa pili kwamba Mungu hamtaki.

Binti yangu, hapo ndipo penye jibu la swali lako la pili. Waebrania hiihii inayosema tukaribie kwa ujasiri, inasema katika 12:28-29 tumtolee Mungu ibada ya kumpendeza kwa unyenyekevu na kicho, maana Mungu wetu ni moto ulao. Hayo mawili yanakaa katika mtu mmoja. Mama yako kicho anacho tele, na ni kizuri, usimwondolee. Amekosa kujua kwamba anatakiwa. Malkia Esta alikuwa mke wa mfalme, na bado hakuweza kuingia bila kuitwa. Siku thelathini hakuitwa, na alipoamua kwenda alisema, nikiangamia, na niangamie. Mama ni kama bado anaishi katika jumba la Ahasuero, anangoja fimbo ya dhahabu inyoshwe. Kumbe ameshaitwa, siku nyingi sana.

Mwisho, njia ya kuanza bila kumfundisha. Mama alipata kipaimara, bila shaka Katekisimo Ndogo aliikariri. Muulize kama mtu aliyesahau: "Mama, pale mwanzo wa Baba Yetu, maana yake nini?" Luther aliliongeza jibu hilo mwaka 1531, na lina ujasiri ndani yake. Liache limtoke yeye mwenyewe kinywani.

Binti wa Ubena

Shikamoo Mwinjilisti. Na nesi, asante. Nimempigia kaka, anampeleka kliniki Jumatatu, nauli nimeshatuma.

Jioni nilimpigia mama, nikamuuliza kama ulivyosema. Nilidhani atababaika. Aliitoa yote bila kukosea: kwamba Mungu anatuvuta tuamini yeye ni Baba yetu wa kweli na sisi ni watoto wake wa kweli, ili tumwombe kwa ujasiri na matumaini yote, kama watoto wapendwa wanavyomwomba baba yao mpendwa. Alisema kwa sauti ya darasani, ya kujibu mwalimu. Nikamwambia, "Mama, si unaona? Kwa ujasiri."

Akanyamaza. Kisha akasema, "Hayo niliyasoma kabla. Nilikuwa bado sijaharibika."

Nilikosa la kujibu, nikamuuliza habari za kuku. Kama nilivyosema, mtoto yule ni mimi; kwa maneno ya watu, niliyemharibu ni mimi, sasa mdomo wangu utasemaje? Na hii habari ya Meza ya Bwana, nimguse au nimwache?

Mama Songea

Ukipiga tena, mwambie hivi: "Mama, mimi sikukuharibu, na wewe hukuharibika." Mengine mwachie mwinjilisti. Lakini hilo liseme wewe, hakuna mwingine anayeweza.

Mwinjilisti Mstaafu, Karagwe

Mama Songea amesema neno ambalo nisingeweza kulisema mimi.

Kuhusu "kabla". Mpe Petro. Petro naye alifundishwa yote kabla. Aliisikia sala ya Bwana kwa masikio yake kutoka kinywani mwa Bwana mwenyewe, kisha usiku ule akamkana mara tatu. Lakini soma Luka 22:32. Yesu anamwambia, nimekuombea wewe ili imani yako isitindike. Alisema hivyo kabla jogoo hajawika, akijua fika kitakachotokea. Tena akaongeza kwamba atakapoongoka awaimarishe ndugu zake, yaani kazi yake baada ya anguko ilikuwa imeshapangwa. Aliyemfundisha mama katekisimo huenda hakujua yatakayompata. Mungu alijua, na akamwita mtoto wake wa kweli hivyo hivyo, alipobatizwa. Ubatizo ule haukuwa wa kumfikisha hadi ujauzito tu.

Yohana 21 isome pia, kama utapata nafasi. Makaa, samaki, mkate, na Petro anaambiwa aje afungue kinywa. Kulishwa kumetangulia, maswali yamekuja baadaye.

Meza ya Bwana usimsukume, ila usiache. Katekisimo ileile anayoijua kwa moyo inauliza ni nani anayestahili. Inajibu kwamba kufunga na kujiandaa kimwili ni utaratibu mzuri wa nje, lakini anayestahili kweli ni yule anayeyaamini maneno haya: imetolewa kwa ajili yenu. Basi. Haijaorodhesha historia ya mtu.

Fanya hivi. Zungumza na mzee wa kanisa wa mtaa wao, au umpigie mchungaji moja kwa moja. Mwambie mama ana kidonda na kutembea ni shida, hivyo unaomba ushirika wa wagonjwa nyumbani. Hapo hakuna benchi wala foleni, hakuna macho ya watu. Na umwombe mchungaji jambo moja zaidi, faraghani, kabla ya siku yenyewe: amwekee mama mikono kichwani na kumtamkia msamaha wa dhambi kwa jina lake. Mara ya kwanza mama alijibu maswali mbele ya watu wote. Safari hii aulizwe kidogo na atamkiwe zaidi. Mchungaji mwenye busara atakuelewa. Asipokuelewa, niandikie humu, nitakuonyesha namna ya kumwomba mkuu wa jimbo amtume mwingine.

Wewe uwepo siku hiyo, kama kazi inaruhusu. Upokee pamoja naye.

Mshindi Daima

Mwinjilisti, nimesoma yote mara mbili. Kuhusu Gethsemane sina cha kubisha. Dada, nafunga Alhamisi kwa ajili ya mama, sitaamuru kitu, nitaomba.

Binti wa Ubena

Mungu awabariki wote. Mchungaji nimempata. Ni kijana, hakuwa amezaliwa mambo hayo yalipotokea, na hakuuliza maswali mengi. Anasema atapita kwetu Jumamosi mchana baada ya mazoezi ya kipaimara. Nimeomba ruhusa kazini, napanda basi la Ijumaa asubuhi. Mama nimemwambia nakuja kuuangalia mguu. Habari ya mchungaji nitamwambia nikiwa nimekaa naye jikoni, si kwenye simu. Akikataa, mchungaji amesema atakunywa chai, ataomba nasi na kuondoka, na atarudi siku nyingine.

Neno la Mama Songea sijaliweza kwenye simu. Nitalisema Ijumaa.